Uzinduzi wa Nyumba ya Kijojia, Al Wukair

(Al Wukair, nje kidogo ya Doha, Ijumaa ya Novemba 2013, baada ya sala na baada ya misa. Watu wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya uzio mrefu wa mabati. Juu ya mabati imebandikwa picha kubwa ya nyumba ya Kiingereza ya matofali mekundu, na kwenye dirisha moja la picha hiyo yametundikwa mapazia ya kweli. Mwenyekiti anapanda juu ya kreti la soda. Spika inapiga yowe, inanyamazishwa, inapiga tena.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye kwa sasa ni mimi kwa nafasi ya kukaimu. Katibu Mtendaji wetu ndugu Twaha, ambaye siku za kazi ni dereva wa familia moja yenye heshima zake hapa Doha. Waheshimiwa walinzi wa majengo. Waheshimiwa wapishi na wapokea wageni. Ndugu zetu mliokuja moja kwa moja kutoka kazini kwenye ujenzi wa mji mpya wa Lusail, ambao vumbi lenu tumeliona na tunaliheshimu. Ndugu zetu mliotoka kanisani Mesaimeer na ndugu zetu mliotoka msikitini, ambao kwa pamoja mmetoka kwa Mungu mmoja mkaja kwangu. Waheshimiwa dada zetu wa majumbani mliopewa ruhusa ya kutoka leo, na nyinyi mliotoka bila ruhusa (kicheko cha woga). Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye hakuzingatiwa, basi ajione amezingatiwa.

Kwa wale wachache msionifahamu, mimi ni Abubakari, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Ustawi, Uwekezaji na Umoja wa Wana Afrika Mashariki Waishio Doha na Vitongoji Vyake, na kwa upande wa utumishi ni Msimamizi Msaidizi wa Kaunta ya Mizigo katika hoteli ambayo kwa sababu za kiusalama sitaitaja. (Sauti kutoka nyuma: “Si ile ya Corniche?”) Sitaitaja. Leo ni siku kubwa. Leo ni siku ambayo wajukuu wetu watatuuliza tulikuwa wapi, na sisi tutawajibu kwamba tulikuwa Al Wukair, juani, tumekaa kwenye viti tulivyoazima, tunazindua jengo la maduka la watu wa kwetu, la kwanza la aina yake katika Ghuba nzima kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mimi mwenyewe. (Makofi.)

Ndugu zangu, mchakato huu haukuwa lelemama. Kamati ilipokaa kwa mara ya kwanza, ilijiuliza swali la kimkakati: jengo letu liwe na sura gani? Wako waliosema tujenge kwa mtindo wa Kiswahili, na mlango wa nakshi. Nikawaambia, waheshimiwa, tufikiri kwa upana. Tutazame wenyeji wetu. Hapa Doha lipo duka kubwa lenye mbingu ya kuchorwa, na ndani yake mtu anapandishwa mashua ya Wataliano na kusukumwa mferejini, huku nje ni jangwa tupu. Je, mwenyeji aliona haya? Hakuona. Basi na sisi, baada ya upembuzi yakinifu wa kina, tukaamua kuvuka mipaka na kuchagua nyumba ya mjini ya Kiingereza, ya mtindo unaoitwa Kijojia, yaani wa zama za wafalme wanne waliofuatana wote wakiitwa Joji, jambo linaloonyesha jinsi wenzetu walivyobana matumizi hata kwenye majina. (Kicheko. Mwenyekiti anajifuta jasho kwa kitambaa cheupe chenye maua ya kushona kwa mkono.)

Naomba sote tugeuze nyuso zetu kwenye picha. Angalieni. Huo ndio usanifu. Mlango upo katikati, na juu yake pana dirisha la nusu duara kama chungwa lililokatwa, ili mwanga uingie hata mlango ukiwa umefungwa. Madirisha yamepangwa sawasawa, kushoto kama kulia, kwa maana Mjojia hakutaka upande mmoja uonee wivu upande mwingine, na hilo kwetu ni somo la utawala bora. Madirisha hayo hayafunguki kwa nje. Yanasukumwa juu, kwa kamba zilizofichwa ukutani. Kule juu pana mabomba manne ya moshi, (kicheko kikubwa) msicheke, waheshimiwa, mabomba ni sehemu ya mtindo, na mkae mkijua kwamba Januari ya Doha ina baridi, mimi mwenyewe nimewahi kuvaa sweta.

Na mtazame jinsi madirisha yanavyopungua kadiri unavyopanda. Yale makubwa ni ya ghorofa walimokaa matajiri wakinywa chai. Yale madogo kabisa chini ya paa ni ya vyumba vya wajakazi. Na kule chini ya ardhi, pasipoonekana kwenye picha, ndiko lilikokuwa jiko, na ndiko alikokuwa mpishi. Kamati iliuchambua mpangilio huu kwa kina, tukaona kwamba wanajumuiya wetu wanaishi hivyohivyo kwenye majumba ya hapa, kwa hiyo gharama ya mafunzo itakuwa ndogo. (Mtu mmoja anapiga kofi moja na kuacha.)

Sasa nyumba hii hatutaiacha kuwa nyumba. Nyumba hii inafanyiwa kile ambacho wataalamu wanakiita adaptive reuse, yaani mabadiliko ya matumizi yenye tija. Dirisha la sebuleni linapanuliwa linakuwa dirisha la kuonyeshea bidhaa. Ukumbi unakuwa mapokezi. Chumba cha kulia chakula kinakuwa saluni. Ghala la mvinyo, nimeagiza, linakuwa duka la juisi. Mlango wa mbele unabaki kama ulivyo, kwa kuwa mlango ule ndio utu wa nyumba, na mtu akiupita mlango ule, hata kama anakwenda kununua kadi ya simu, atahisi ana hadhi. (Makofi. Mlinzi mmoja, Njenga wa kutoka Thika, amesimama akiwa bado na sare ya kazi.) Ndiyo, kaka Njenga. Demokrasia kwanza. Mpeni maikrofoni.

(Njenga: “Asante Mheshimiwa. Mimi niko na swali ndogo tu. Umesema hii nyumba tunaibadilisha ikue maduka. Sawa. Lakini si kwanza lazima ikue nyumba ya mtu? Hiyo nyumba tunabadilisha, ilikuwa ya nani, na iko wapi?”)

Swali zuri sana, na linaonyesha mwamko. Kaka Njenga, ungekuwa Uingereza ungekuwa na haki. Kule nyumba inajengwa, inakaliwa miaka mia mbili, inachakaa, ndipo inageuzwa maduka. Sisi hatuna miaka mia mbili, wengi wetu tuna mkataba wa miaka miwili. Kwa hiyo kamati imebuni njia ya mkato ambayo naamini itakuja kufundishwa vyuoni: sisi tutaijenga ikiwa tayari imeshageuzwa. (Makofi ya wastani.) Itajengwa kongwe. Hata nyufa zimo kwenye mpango.

(Proscovia, Mganda wa Jinja, kutoka kiti cha mbele: “Ssebo, saluni yangu ni dirisha gani?”) Dirisha la pili kutoka kulia, mama, kama tulivyokubaliana, na usiyumbishwe na mtu. Kila mwanachama ana dirisha lake. Ndiyo maana mradi huu ni shirikishi. Mlikuja hapa Ijumaa zile, mkanyoosha kidole kwenye picha, kila mtu akachagua dirisha, na tangu siku ile nimeona nidhamu ya hali ya juu. Watu wanasalimiana kwa madirisha, “habari za dirisha la tatu,” na hata wale waliokuwa hawaongei wamekuwa majirani. Huo, ndugu zangu, ni ujirani uliotangulia nyumba.

Nasikia kuna mnong’ono pale kushoto. Dada Arafa, naona umesimama muda mrefu. Huyu, kwa msiomjua, ni dada yetu wa Tanga, mfanyakazi wa nyumbani katika familia ileile anakoendesha gari Katibu wetu Twaha, na jioni akimaliza kazi zake anashona. Nusu ya magauni niyaonayo mbele yangu ametia sindano yeye. Na mapazia yale mnayoyaona yakipepea pale dirishani ni yake. Hilo ndilo duka lake. Alipima dirisha kwenye picha akayashona kabla hata hatujamwambia, na mimi naiita hiyo imani. Karibu, dada, kwa kifupi.

(Arafa: “Asalaam aleikum. Mheshimiwa, mie nina mawili tu. La kwanza, mkataba wangu unaisha mwezi huu. Madam aliniuliza nasaini tena au naondoka, nikamwambia sisaini, nina duka. Akasema, Arafa, mimi nakupenda, fikiri mpaka Ijumaa kabla ya magharibi. Leo ndo Ijumaa. Nisiposaini, kibali kinakwisha, narudishwa kwetu, na watoto wangu wawili wanasoma kwa mshahara huuhuu. Basi niambie mbele za watu, duka lipo au halipo? La pili, naomba bati langu la nyuzi. Uliliazima kabla ya Ramadhani.” Watu wanaguna: “Mjibu! Mjibu!”)

Tulieni. Tulieni, jamani, sisi si watu wa fujo. Dada Arafa ameuliza maswali mawili, moja la kisera na jingine la kiufundi. La kisera litajibiwa mwishoni. La kiufundi nalo litajibiwa mwishoni. (Anajifuta jasho tena kwa kitambaa chake cha maua.)

Kwa sasa niseme jambo moja kuhusu uadilifu. Viongozi wengi wa jumuiya wamekuja kwenu na bakuli. Mimi je, nimewahi kumwomba mtu riyali? (Sauti: “Hapana!”) Nimewahi kupitisha kofia? (“Hapana!”) Nasikia mitaani, kwenye zile villa mnazogawana vyumba kwa mbao, watu walijadili sana jambo hili, wakasema Abubakari hachangishi, na asiyechangisha hawezi kuwa mwizi, maana ataiba nini? Nawashukuru kwa uchambuzi huo. Mimi nilichowaomba ni imani tu, na kwa mujibu wa takwimu zetu imani imepanda kwa asilimia mia moja na nne, ambapo asilimia nne ni ya watu ambao bado hawajafika Qatar. (Makofi.)

Wapo pia wapinzani wa maendeleo wanaouliza, mbona tunaona picha, hatuoni nyumba? Ndugu zangu, nyinyi mmekaa hapa muda gani hamjaelewa mji huu? Kule kwetu linawekwa jiwe la msingi, linakatiwa utepe, linapakwa rangi, mbuzi wanalilalia, na baada ya miaka kumi anakuja kiongozi mwingine kuweka jingine pembeni yake. Hapa ni tofauti. Hapa nyumba inaanza na picha. Mmepita Lusail. Mliona nini? Mabati. Juu ya mabati mliona nini? Picha ya mnara, na mwanamke anayecheka amebeba mifuko ya maduka, na mtoto ana puto. Mkasema ni maneno. Mkaenda likizo, mkala mihogo yenu, mkarudi, mkakuta nini? (Umati: “Mnara!”) Mnara! Na mwanamke wa mifuko yumo ndani! Sasa mimi nawauliza, mabati tumeweka? (“Tumeweka!”) Picha tumeweka? (“Tumeweka!”) Basi kilichobaki ni kwenda likizo na kurudi! (Kicheko, vigelegele, watu wanasimama.) Ndiyo maana kaulimbiu yetu ni ile mnayoijua. Picha kwanza! (“Nyumba baadaye!”) Sikusikia. Picha kwanza! (“Nyumba baadaye!” Hata Njenga amepaza sauti. Arafa peke yake hajaitika, anatazama jua.)

Kuhusu faida za mradi, nitakuwa mfupi. Jengo litatoa ajira za moja kwa moja, ajira zisizo za moja kwa moja, na ajira zilizopinda. Kutakuwa na ngazi mbili, moja ya kupandia na moja ya heshima. Kiyoyozi kitafichwa ndani ya mabomba ya moshi, ili Mjojia asijue. Pale nje tutaweka uzio wa chuma wenye ncha za mishale kama walivyopenda wenzetu, siyo kumzuia mtu, bali kumkumbusha kwamba anaingia mahali. Na juu ya mlango, kwa unyenyekevu mkubwa, kamati ilipendekeza liandikwe jina langu. Nililikataa pendekezo hilo mara mbili, na mara ya tatu nikaona ni utovu wa nidhamu kubishana na kamati.

(Twaha anamnong’oneza. Gari la polisi wa manispaa linapita taratibu barabarani bila kusimama. Mwenyekiti anaharakisha.)

Nimearifiwa kwamba muda si rafiki. Basi nihitimishe kwa shukrani, kwa kuwa muungwana hasahau aliyemtendea. Kwanza nimshukuru mwenye mabati haya, ambaye hatumfahamu, na mlinzi wake, kijana mstaarabu wa Kinepali, aliyetuazima upande huu wa uzio mpaka alasiri kwa masharti kwamba tusiharibu kitu. Kwa upande ule wa pili, kama mnavyosikia mashine, yeye na tajiri wake wanajenga maegesho ya magari, na sisi tunawatakia kila la heri. (Viti vinalia.) Pili, niwashukuru wachapaji wa mabango walioikuza picha yetu bila kupoteza ubora hata wa tofali moja. Tatu, na hapa naomba mnisikilize, nimshukuru msanifu wetu mkuu, ambaye jina lake hatukulipata, kwa kuwa halikuandikwa popote kwenye mfuniko wa bati la biskuti tulikoiona nyumba yenyewe.

(Njenga: “Ati bati ya nini?”)

Biskuti, kaka Njenga, biskuti za siagi. Na hapo ndipo ninapojibu swali la kiufundi la dada Arafa. Siku ile nilipokwenda kupunguziwa suruali, niliona bati lake la nyuzi, alilorithi kwa dada mmoja Mkenya aliyerudi nyumbani, likiwa limevikwa kitambaa cha maua kama mama zetu wanavyovika redio, kochi na hata mtungi. Mwenyewe alikuwa hajawahi kukitoa. Mimi nikaliazima, nikakitoa, na ndani ya kitambaa nikakutana na usanifu. Kwa hiyo dada Arafa amechangia picha, amechangia mapazia, na kitambaa chake ndicho hiki ninachojifutia jasho tangu asubuhi. Mpigieni makofi dada yetu! (Hakuna anayepiga.)

(Arafa, bila maikrofoni: “Kwa hiyo hamna kiwanja?”) Kiwanja ni hatua inayofuata. (“Hamna kibali?”) Kibali kinafuata kiwanja. (“Basi nampigia madam sasa hivi, jua halijazama, namwambia nasaini.” Anatoa simu.) Dada, subiri. Usimsumbue madam siku ya Ijumaa. Nilikuwa naelekea kwenye swali la kisera.

Mimi kama kiongozi sikupenda umfanye mama yule asubiri. Kwa hiyo juzi, kwa kushirikiana na Katibu Mtendaji, nilifika pale mlangoni kwa madam, nikamweleza kwa heshima zote kwamba Arafa hatasaini, ana mradi mkubwa, anafungua duka. Alisikitika sana, kwa kweli. Alisema hajawahi kupata mtu kama wewe. Lakini kiongozi mzuri haachi pengo. Nilimpelekea jina mkononi, na nafurahi kuutangazia mkutano huu kwamba nafasi ya dada Arafa haikutoka nje ya jumuiya yetu: shemeji yangu Saida, mdogo wa mke wangu, amekubaliwa, anakuja kuanza mwezi ujao. Huo ndio umoja. (Kelele. Proscovia amejishika kichwa. Twaha anatazama viatu vyake.)

(Arafa: “Twaha. Na wewe ulikuwepo?” Twaha anarudi hatua moja nyuma. Arafa: “Mheshimiwa, umeniuza. Mchana kweupe, mbele ya picha, umeniuza, na nikakushonea suruali. Na mimi niende wapi?”)

Dada Arafa, tusitawaliwe na jazba. Saida hana dirisha. Wewe una dirisha.

(Umati: “Aibu! Shuka! Shuka!” Njenga anasogea mbele. Mwenyekiti anabaki juu ya kreti, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili.)

Nimewasikia, na maoni yenu yamepokelewa, yatafanyiwa kazi. Ili kuonyesha kwamba serikali yangu, yaani jumuiya yangu, haidhulumu mtu, narejesha hadharani mali ya mwanachama. Katibu, lete. Dada Arafa, hili hapa bati lako, na nyuzi zote zimo, hatukugusa hata sindano. (Arafa analipokea. Analizungusha mikononi.)

(Arafa: “Mfuniko uko wapi?”)

Mfuniko unabaki kwa kamati, kwa ajili ya awamu ya pili. Sasa, wapendwa, tumalizie kwa pamoja kama wana wa mama mmoja. Nawashukuru sana kwa muda wenu, kwa jua lenu na kwa imani yenu, na nawatakia safari njema kurudi majumbani mwa wenye nyumba. Picha kwanza! (Hakuna anayeitika. Mashine za upande wa pili wa mabati zinanguruma.) Picha kwanza! (Watu wanakunja viti. Arafa amepanda juu ya kimoja, bati amelibana kwapani, anafungua pini za mapazia yake moja baada ya nyingine. Njenga anamshikia kiti. Nyuma ya mapazia ni dirisha la karatasi, na nyuma ya karatasi ni bati.)

Dada Arafa! Dada Arafa, nakuomba, mapazia yaache kwanza. Hatujapiga picha ya pamoja.